Viashiria vya Kibayolojia vya Pumu na COPD: Ushauri kwa Anayeanza Kazi

Wengi wanaoingia katika utafiti wa magonjwa ya mapafu huanza kwa kukariri majina ya molekuli. Huja na daftari lililojaa interlukini, protini na vimeng'enya, wakiamini kwamba mwenye orodha ndefu zaidi ndiye atakayeimudu kazi. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uiweke orodha hiyo kando kwa muda, ujifunze kutenganisha maswali. Kiashiria cha kibayolojia ni kitu kinachopimika mwilini, kiwe katika damu, makohozi, mkojo au pumzi, ambacho hutupatia jibu la swali fulani kuhusu ugonjwa. Na katika pumu, kama ilivyo katika ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa ambao wahudumu wa afya huuita COPD, maswali hayo ni mengi na hayafanani. Je, mtu huyu anao ugonjwa? Je, hali yake itazorota haraka? Je, dawa hii itamfaa? Je, dawa aliyokwisha kuanza inafanya kazi? Kipimo kinachojibu swali moja vizuri huweza kuwa bubu kabisa mbele ya swali jingine, na sehemu kubwa ya mabishano utakayoyasikia kwenye mikutano yetu hutokana na watu wawili wanaozungumzia kipimo kimoja huku kila mmoja akiwa na swali lake kichwani.

Chukua fibrinojeni. Hii ni protini inayotengenezwa na ini, husaidia damu kuganda, na kiwango chake hupanda mwili unapokuwa na inflamesheni, yaani hali ya tishu kuvimba na kuvamiwa na seli za kinga. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliikubali fibrinojeni ya plazima, yaani sehemu ya maji ya damu, itumike kuchagua washiriki wa majaribio ya dawa za COPD, kwa kuwa wagonjwa wenye miligramu 350 kwa desilita au zaidi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzidiwa au kufariki, na jaribio linaloshirikisha watu wa aina hiyo hupata matukio ya kutosha bila kuhitaji umati mkubwa. Anayeanza akisikia habari hiyo hudhani kwamba daktari anaweza kupima fibrinojeni ili ajue kama mgonjwa ana COPD. Hawezi, kwa sababu fibrinojeni hupanda pia kwa nimonia, kwa jeraha kubwa, kwa ugonjwa wa viungo, na hata kwa uvutaji wa sigara peke yake. COPD inaendelea kutambuliwa kwa spirometria: uwiano wa hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza kwa hewa yote inayopulizwa kwa nguvu ukiwa chini ya 0.70 baada ya mgonjwa kuvuta dawa ya kutanua njia za hewa, na dalili zake pamoja na historia yake zikiafikiana na jibu hilo. Fibrinojeni ilikubaliwa kwa swali moja tu, na kwa swali hilo inafaa.

Ukitaka kuona jinsi swali linavyoamua thamani ya kipimo, fuatilia historia ya eosinofili, zile seli nyeupe za damu ambazo Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1879 kwa namna chembechembe zake zinavyoshika rangi ya eosini. Mwaka 1958 daktari wa Uingereza, Harry Morrow Brown, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kazi iliyohitaji hadubini ya kawaida tu. Alikuwa akitazama makohozi ya wagonjwa wa pumu kabla ya kuwapa prednisoloni, dawa ya aina ya steroidi, akaona kwamba waliokuwa na eosinofili nyingi ndio waliopata nafuu, na wale ambao makohozi yao hayakuwa nazo hawakupata faida ya maana. Karibu kila kitu tunachokifundisha leo kuhusu kumchagulia mgonjwa wa pumu dawa inayomfaa kilikuwamo katika makala hiyo, ingawa kwa miongo kadhaa iliyofuata pumu iliendelea kutibiwa kana kwamba ni ugonjwa wa aina moja. Mwaka 2002 watafiti wa Leicester walilirudia wazo hilo kwa jaribio lenye wagonjwa 74. Nusu yao walitibiwa kwa kufuata mwongozo wa kawaida, na nusu nyingine dozi zao za steroidi ziliongezwa au kupunguzwa kulingana na eosinofili za makohozi. Katika mwaka mmoja, kundi la mwongozo wa kawaida lilipata vipindi vikali vya kuzidiwa 109, na kundi la makohozi likapata 35.

Wakati huohuo makampuni yalikuwa yanajaribu kingamwili za maabara zinazozuia interlukini-5, ishara ambayo eosinofili huihitaji ili zikomae na ziendelee kuishi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2000 lilishangaza watu: dawa ilizipunguza sana eosinofili katika damu na makohozi, lakini njia za hewa ziliendelea kubana kama kawaida mgonjwa alipovutishwa kitu kinachomletea mzio. Mwaka 2007 jaribio kubwa zaidi la mepolizumabu, mojawapo ya kingamwili hizo, lenye wagonjwa 362, nalo halikuonyesha faida iliyotarajiwa. Wengi walihitimisha kwamba eosinofili zilikuwa mashahidi tu wa pumu na wala hazikuhusika na kosa. Lakini wagonjwa wale walikuwa wamechaguliwa kwa sababu wana pumu, bila kujali kama eosinofili zao ziko juu au chini, na kilichotazamwa zaidi kilikuwa nguvu ya kupuliza na dalili za kila siku, ilhali eosinofili zinahusiana zaidi na vipindi vya kuzidiwa. Mwaka 2009 zikaja tafiti mbili ndogo, moja yenye wagonjwa 61 na nyingine 20, zilizochukua watu ambao eosinofili zao zilibaki juu ingawa walikuwa wakitumia steroidi, na zikahesabu ni mara ngapi walizidiwa. Dawa ileile iliyodhaniwa imeshindwa ikafanya kazi, na mwaka 2015 ikaidhinishwa nchini Marekani. Ninaisimulia historia hii kwa kila mwanafunzi anayeniuliza kwa nini tunasumbuka na viashiria, kwa sababu inaonyesha hasara ya upande wa pili ambayo haizungumzwi sana: kutopima kunaweza kuua dawa nzuri.

Sasa tuje kwenye karatasi ya majibu yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi hujikwaa. Tuseme umeletewa majibu ya hesabu ya damu yanayosema eosinofili ni asilimia 3. Namba hiyo peke yake haitoshi kitu. Mtu mwenye seli nyeupe 10,000 kwa mikrolita na asilimia 3 ana eosinofili 300, na mwenye seli nyeupe 5,000 na asilimia ileile ana 150, na watu hawa wawili huenda wakaangukia pande tofauti za uamuzi wa dawa. Kwa hiyo andika idadi kamili kila mara. Lakini hata idadi kamili ina mtego wake. Maabara nyingi huiandika kwa mabilioni ya seli kwa lita, zikiishia na desimali moja, hivi kwamba 300 kwa mikrolita huonekana kama 0.3. Mtu mwenye 260 naye ataandikiwa 0.3, na mwenye 340 vilevile, na mwenye 240 ataandikiwa 0.2. Ukiingiza namba hizo kwenye jedwali la utafiti na kuzizidisha kwa elfu, utapata rundo la watu wenye 200 kamili na 300 kamili, na kizingiti chako cha 300 kitakuwa kimewabeba wengi wasiostahili kuwamo. Omba namba iliyotolewa na mashine kabla haijakadiriwa. Mafundi wa maabara huwa nayo, na kwa kawaida huitoa bila ubishi ukieleza kwa nini unaihitaji.

Namba hiyo pia haitulii. Eosinofili za damu hushuka kati ya asubuhi na adhuhuri na kupanda usiku, kinyume na homoni ya kotisoli, kwa hiyo sampuli ya asubuhi na sampuli ya jioni za mtu mmoja si kitu kimoja. Vidonge vya prednisoloni huzishusha ndani ya saa chache, na mgonjwa aliyefika kliniki akiwa katikati ya dozi ya steroidi aliyopewa kwa kuzidiwa anaweza kuonekana hana eosinofili kabisa, ilhali mwezi mmoja kabla alikuwa nazo tele. Minyoo, mzio wa ngozi na baadhi ya dawa huzipandisha bila mapafu kuhusika. Kwa sababu hizo majaribio makubwa ya mepolizumabu yalikubali mgonjwa mwenye angalau 150 siku ya kupimwa, au angalau 300 wakati wowote katika mwaka uliotangulia. Waliotunga sharti hilo walifahamu kwamba kipimo kimoja ni picha ya dakika moja. Wewe nawe, kabla ya kumwandika mtu kuwa hana eosinofili, chimbua majibu yake ya zamani.

Katika COPD eosinofili hutumika kwa swali finyu zaidi: nani anufaike na steroidi za kuvuta, ambazo pamoja na faida zake huongeza hatari ya nimonia. Mwongozo wa kimataifa wa GOLD unaunga mkono sana matumizi yake kwa mgonjwa anayezidiwa mara kwa mara mwenye 300 au zaidi, unayakataza kwa mwenye chini ya 100, na kati ya hapo unaacha nafasi ya kufikiri. Nakusihi usizisome namba hizo kama ukuta. Faida ya steroidi huongezeka taratibu kadiri eosinofili zinavyoongezeka, na hakuna chochote kinachotokea ghafla mtu anapotoka 299 kwenda 301. Majaribio mawili ya dupilumabu, kingamwili nyingine ya maabara, yaliyochapishwa mwaka 2023 na 2024 yaliwachukua wagonjwa wa COPD wenye 300 au zaidi, na vipindi vya kuzidiwa vikapungua kwa takribani theluthi. Septemba 2024 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani kwa kundi hilo. Kwa ugonjwa ambao kwa miaka mingi ulitibiwa kwa namna moja kwa wote, hayo ni mabadiliko makubwa, na yametokana na kipimo cha kawaida cha damu.

Kiashiria cha pili utakachokutana nacho kila siku ni oksidi ya nitriki katika pumzi, ambayo kwa kawaida huitwa FeNO. Watafiti wa Sweden waliigundua gesi hiyo katika pumzi ya binadamu mwaka 1991, na miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba wagonjwa wa pumu huitoa kwa wingi zaidi. Hutengenezwa na seli za utando wa njia za hewa zinapochochewa na interlukini-13. Mgonjwa hupuliza kwa mwendo thabiti wa mililita 50 kwa sekunde, dhidi ya ukinzani kidogo unaofunga njia ya nyuma ya pua, kwa kuwa mashimo ya pua yana gesi hiyo kwa wingi unaoweza kuharibu jibu lote. Akipuliza kwa kasi kubwa zaidi, namba hushuka. Akipuliza polepole, hupanda. Kwa watu wazima, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2011 huona chini ya sehemu 25 kwa bilioni kuwa ni kidogo na zaidi ya 50 kuwa ni nyingi, na kwa watoto mipaka hiyo ni 20 na 35. Sigara huishusha. Mafua huipandisha, na vivyo hivyo mboga za majani zenye nitrati nyingi. Spirometria huishusha kwa muda, kwa hiyo panga chumba chako ili FeNO ipimwe kwanza na spirometria ifuate. Utashangaa ni mara ngapi utaratibu huu mdogo huvurugwa kwa sababu tu mashine ya spirometria iko karibu zaidi na mlango.

Waanzaji huuliza kwa nini tupime vyote viwili, eosinofili na FeNO, ikiwa vyote huashiria inflamesheni ya aina moja. Jibu lake linaonekana vizuri ukitazama dawa. Mepolizumabu, inayozuia interlukini-5, huangusha eosinofili za damu na kuiacha FeNO karibu pale ilipokuwa. Dupilumabu, inayozuia ishara za interlukini-4 na interlukini-13, hushusha FeNO, na kwa baadhi ya wagonjwa eosinofili za damu hupanda kwa muda kwa sababu njia ya seli hizo kutoka kwenye damu kuingia kwenye tishu imezuiwa. Kila kipimo kinatuonyesha mkono tofauti wa mto uleule. Ukimwona mgonjwa wa dupilumabu ambaye eosinofili zake zimepanda wiki chache baada ya kuanza, usikimbilie kuandika kwamba dawa imeshindwa. Mwulize hali yake, tazama FeNO, na hakikisha hana dalili za ugonjwa mwingine unaohusiana na eosinofili.

Tukiacha namba, kuna kazi ya mikono, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu vitabu huipita haraka. Makohozi ya kuchochewa hupatikana kwa kumpa mgonjwa kwanza dawa ya kutanua njia za hewa, kisha kumvutisha mvuke wa maji ya chumvi yenye ukali wa asilimia 3 hadi 5, huku nguvu yake ya kupuliza ikipimwa kila baada ya dakika chache. Ikishuka kwa asilimia 20 unasimamisha zoezi na kumhudumia. Kinachotoka ni mchanganyiko wa mate na makohozi. Unakimimina kwenye kisahani chenye kitako cheusi, na kwa kibanio unaokota vile vidonge vizito, vyenye rangi ya maziwa au kijani, vinavyovutika kama uzi, ukiviacha nyuma viputo na maji mepesi ya kinywani. Mwenye mkono usiozoea huokota mate. Baadaye, ukiona chini ya hadubini kwamba seli pana za utando wa kinywa zimetapakaa kila mahali, jua kwamba slaidi hiyo inaeleza zaidi habari za ulimi kuliko za mapafu. Vidonge huyeyushwa kwa dithiothreitoli, ambayo huvunja vifungo vya salfa vinavyoshikilia ute, kisha seli hupakwa rangi na kuhesabiwa angalau 400, bila kuhesabu zile za kinywani. Dithiothreitoli hiyohiyo huvunja pia vifungo ndani ya protini unazotaka kuzipima, na baadhi ya vipimo vya kingamwili hushindwa kuzitambua baada ya hapo. Kama utafiti wako unahitaji seli na protini, gawa sampuli mapema, na ujaribu kipimo chako kwa kuongeza kiasi unachokijua cha protini uone kinarudi kiasi gani. Fanya yote ndani ya saa mbili, kwani seli za makohozi hufa upesi.

Damu nayo ina masharti. Fibrinojeni haipimwi katika seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda, kwa kuwa imetumika yote wakati damu inaganda. Inahitaji plazima kutoka kwenye chupa yenye sitrati, inayozuia damu isigande. Baadhi ya protini hufanya kinyume chake: kimeng'enya MMP-9 huonekana kwa wingi zaidi katika seramu kwa sababu seli humwaga akiba yake wakati damu inaganda, kwa hiyo unapima kilichotokea ndani ya chupa zaidi ya kilichokuwa ndani ya mgonjwa. Ukirithi jokofu la sampuli zilizokusanywa na watu waliotangulia, swali lako la kwanza liwe ni chupa gani ilitumika, ilikaa muda gani kabla ya kuzungushwa kwenye sentrifuji, na imeyeyushwa mara ngapi tangu igandishwe. Kama hakuna anayeweza kukujibu, matokeo yoyote mazuri utakayoyapata humo yashuku.

Katika COPD, tofauti na pumu, nakushauri uwe na matarajio ya kiasi. Utafiti wa ECLIPSE uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi 12 kwa miaka mitatu, ukipima protini nyingi za damu, ukipiga picha za mapafu, ukitafuta kitakachotabiri nani atazidiwa. Kilichotabiri vizuri kuliko vyote kilikuwa historia: mgonjwa aliyezidiwa mwaka uliopita ndiye atakayezidiwa mwaka ujao. Hilo halina maana kwamba protini hazina kazi, bali linaweka kiwango ambacho kiashiria kipya hakina budi kukivuka. Kiashiria kinachogharimu siku nzima ya maabara na kisichoongeza chochote juu ya swali moja la mdomo hakijastahili nafasi yake, na unapoandika pendekezo la utafiti weka swali hilo ndani ya modeli yako tangu mwanzo, usingoje wakaguzi wakuulize.

Kipo hata hivyo kipimo kimoja katika COPD kilicho wazi kabisa, nacho ni alfa-1 antitripsini. Mwaka 1963 huko Malmö, Sweden, Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson walipitia karatasi zipatazo 1,500 za protini za damu zilizotenganishwa kwa umeme, wakakuta tano ambazo mstari wa alfa-1 haukuwapo; watatu kati ya watu hao walikuwa na emfisema, yaani kuharibika kwa vifuko vya hewa vya mapafu. Protini hiyo hutengenezwa na ini na kazi yake ni kukizuia kimeng'enya cha neutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, kisitafune nyuzi za elastini za mapafu. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye COPD apimwe angalau mara moja. Jihadhari na jambo moja tu: alfa-1 antitripsini hupanda mwili unapokuwa na maambukizi, na mtu mwenye upungufu wa wastani anaweza kuonekana mzima akipimwa akiwa hoi kitandani. Pima pamoja nayo CRP, protini ya damu inayopanda kwa inflamesheni, na jibu likiwa na utata nenda kwenye jeni.

Usiamini pia kwamba kiashiria kikishapanda chati kitabaki juu. Periostini ilikuwa nyota ya mwaka 2011. Katika jaribio lenye watu wazima 219, lebrikizumabu, inayozuia interlukini-13, iliboresha nguvu ya kupuliza zaidi kwa waliokuwa na periostini nyingi katika damu, na kila maabara ikaanza kuipima. Mwaka 2016 majaribio mawili makubwa hayakuafikiana, na dawa ikaachwa katika pumu, ingawa baadaye ilipata nafasi yake katika ugonjwa wa ngozi. Juu ya hayo periostini hutoka pia kwenye mifupa inayokua, kwa hiyo kwa watoto haina maana iliyo nayo kwa watu wazima. Kuhusu IgE, kingamwili ya mzio, nitasema neno moja. Huipimi tena ili kupanga dozi ya omalizumabu, dawa inayoizuia, mgonjwa akishaanza dawa, kwa sababu IgE iliyoshikamana na dawa hukaa muda mrefu kwenye damu na jumla yake hupanda hata dawa ikifanya kazi vizuri. Harufu za pumzi zinazosomwa na vihisi vya kielektroniki zinavutia. Kwa sasa zisome kama mtafiti, usizitumie kama tabibu.

Ukifika kwenye takwimu, wasiwasi wangu mkubwa kwa anayeanza ni namna anavyochagua wa kulinganishwa nao. Wagonjwa wazee, waliovuta sigara kwa miaka mingi na wanaotumia steroidi, wakiwekwa upande mmoja, na wanafunzi wa chuo wenye afya wakiwekwa upande wa pili, karibu protini yoyote itatofautiana, na utakachokuwa umegundua ni umri au sigara. Walinganishe na wale ambao daktari huwachanganya nao: mwenye kikohozi cha muda mrefu, mwenye moyo dhaifu, mvutaji ambaye spirometria yake ni nzima. Changanya pia sampuli za makundi yote kwenye sahani moja ya kipimo. Sahani ya Jumatatu ikiwa ya wagonjwa watupu na ya Jumanne ya wazima watupu, tofauti ya siku itajifanya tofauti ya ugonjwa.

Na kabla ya kutangaza kwamba kipimo chako kina usahihi wa asilimia 90, fanya hesabu hii kwa mkono. Tuseme kinawabaini wagonjwa 90 katika kila 100, na kinawaacha huru wazima 90 katika kila 100. Kwenye kliniki ya mapafu yenye watu 1,000 ambapo nusu ni wagonjwa, kitawapata wagonjwa 450 na kuwasingizia wazima 50, kwa hiyo jibu chanya ni la kweli mara tisa katika kumi. Kipeleke kwenye jamii ambapo mmoja katika kumi ndiye mgonjwa: kitawapata wagonjwa 90 na kuwasingizia wazima 90. Kipimo ni kilekile, mashine ni ileile, na jibu chanya sasa ni la kubahatisha. Kizingiti ulichokichagua kwa kuwatazama watu haohao uliowapima nacho kitaonekana bora kuliko kilivyo, na dawa ya tatizo hilo ni kundi jingine la watu, kutoka mahali pengine, ambalo hukuligusa hadi kizingiti kilipokwisha kuandikwa.

Jambo la mwisho ni kwamba usidharau kiashiria kwa sababu ni cha zamani. CRP imekuwa ikipimwa tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na haiwezi kukuambia kama mtu ana pumu au COPD. Lakini mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la PACE, lililofanyika katika kliniki 86 za England na Wales kwa wagonjwa 653 wa COPD waliokuwa wamezidiwa, likiwa na swali moja tu: je, huyu anahitaji antibiotiki leo? Kwa tone la damu la kidoleni lililopimwa palepale, asilimia 57 ya waliopimwa ndio waliotumia antibiotiki katika wiki nne zilizofuata, dhidi ya asilimia 77 ya wasiopimwa, na afya yao haikuwa mbaya zaidi. Mwongozo waliopewa madaktari ulikuwa mwepesi: chini ya miligramu 20 kwa lita, antibiotiki haielekei kusaidia, kati ya 20 na 40, huenda ikasaidia, hasa makohozi yakiwa na usaha, zaidi ya 40, inaelekea kusaidia. Uamuzi wenyewe ulibaki kwa daktari aliyekuwa na mgonjwa mbele yake.